Jumamosi za Aidan

Mimi nina wivu na sioni haya kusema. Mwanamume asiyemwonea mkewe wivu, huyo ana mwingine mahali.

Mke wangu, Mama Ida, ana steshenari pale Bombambili: kompyuta mbili, printa, na waya wa simu wa kuingilia intaneti. Kompyuta nilizinunua mimi kwa kiinua mgongo, shirika lilipobinafsishwa tukapunguzwa kazini. Yeye akashika duka, mimi nikashika kijiwe cha drafti. Tulikuwa hatugombani.

Sasa, mwaka 2003 kuingia 2004, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikuwa anakuja kijana mmoja fundi, Aidan, anatoka Mjimwema, shati limenyooshwa pasi utadhani yeye ndiye bwana harusi. Anakuja na sidii iliyotumwa kwa basi kutoka Dar. Eti windozi, ile programu inayoendesha kompyuta, ina matundu, na wenyewe walioitengeneza kila mara wanatoa dawa ya kuyaziba. Usipoiweka, virusi vinapita kwenye waya wa simu. Kuiweka dawa hiyo ilikuwa kazi ya kutwa. Kutwa nzima kijana kakaa bega kwa bega na mke wangu, wanatazama kioo. Mstari wa bluu unatambaa, wao wanacheka.

Ningeweza kukaa kijiweni mimi? Siku hiyo drafti naiacha. Nafika dukani kabla yake, naweka kigoda katikati yao, sibanduki mpaka tunafunga. Mama Ida ananiletea chai na maandazi, uso umemkunjuka, na furaha yote ile mimi naihesabu ni ya Aidan. Roho inaniuma.

Mwezi wa tatu nikachoka. Nikamzuia mlangoni. "Kijana, hapa hakuna mgonjwa. Usikanyage tena."

"Sawa, baba," akasema, akageuka. Mama Ida akanuna wiki nzima, na kununa kwake ndiko kulikonithibitishia. Nikarudi kwenye drafti yangu, Jumamosi zote nazo zikaishia kijiweni.

Mwezi wa tano virusi vikaingia. Unaiwasha kompyuta, inakuandikia kwamba itajizima, inahesabu kurudi nyuma, inazima kweli. Zote mbili. Na humo ndimo zilimo kadi za harusi ya binti wa Mzee Otto, kamati imesimama mlangoni inazisubiri. Mama Ida akaniambia, "Kamwite Aidan, au tufunge duka."

Mimi Polikarp, na utu uzima wangu, nikapanda baiskeli kwenda kumbembeleza mgoni wangu. Usiniulize nilivyojisikia njiani.

Nikamkuta anafua. "Shikamoo, baba." Nikaitikia nusu. Nilipomweleza, akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na sidii. "Mpelekee mama. Achomoe waya wa simu kwanza, ndipo aiweke. Anajua. Nilimfundisha siku ya pili tu nilipokuja."

"Siku ya pili? Sasa Jumamosi zote zile ulikuwa unafuata nini dukani kwangu?"

Akainamia beseni lake. "Kamuulize mama."

Nikarudi moshi unanitoka puani. Maneno yote nilikuwa nimeshayapanga, mpaka ya kwenda kumwambia paroko. Mama Ida akapokea sidii, akachomoa waya, akabonyeza hapa na pale bila kumuuliza mtu. Mstari ukaanza kutambaa.

"Kumbe unajua mwenyewe," nikasema. "Aidan alikuwa anafuata nini?"

"Nilikuwa namwita mimi."

Nikavuta kigoda changu, nikakaa.

"Baba Ida," akasema, macho kwenye kioo, "tangu upunguzwe kazi, ukiamka ni kijiweni. Unarudi giza limeingia, unakula, unalala. Hapa dukani huji. Lakini Aidan akija, na wewe unakuja. Unakaa kutwa, tunakunywa chai. Ulitaka nifanyeje?"

Nikauliza kilichobaki. "Na yeye alijua?"

"Alijua. Nilimwambia mwenyewe, asije akaelewa vibaya."

Wivu wa mwanzo wote ulikuwa mchezo. Huu ndio ulioniingia. Kijana wa watu, si ndugu wala jirani, alikuwa anajua kwamba mke wangu anatamani nikae naye, na mimi ninayelala naye kitanda kimoja nilikuwa sijui.