Theluji ya Kufunikia Floksi

Mama alinipigia simu kazini kuniambia theluji imeisha bustanini kwake, kana kwamba ni mimi niliyeila.

"Mvua imeiyeyusha yote," alisema. "Na redio imesema usiku huu baridi itashuka hadi ishirini na nne chini ya sifuri. Floksi zangu ziko uchi, Ilvija."

"Mama, nilikuja Jumamosi."

"Jumamosi zilikuwa zimefunikwa."

Nikaomba ruhusa, nikaendesha gari kutoka mjini Valmiera hadi kijijini kwake. Tangu avunjike kifundo cha mguu kabla ya Krismasi, hiyo ndiyo safari yangu: kuni, maji, chakula, kisha kurudi kwa wavulana wangu wawili wanaokula kama wako kambini. Baba yao yuko kwenye ujenzi Norwe. Nilikuwa nimemwomba Mama ahamie kwetu mjini, nikaomba tena, na jibu lilikuwa lile lile: nani atabaki na maua?

Floksi ni ua vumilivu. Baridi ikija shina linakufa, mzizi unalala ardhini, na theluji ikiufunika kama blanketi utaamka salama. Theluji ikikosekana, usiku mmoja mkali unatosha kuumaliza. Niliwaza hilo njia nzima. Usiku mmoja tu, na Mama hana tena cha kulinda.

Langoni nilimkuta jirani yake, Mzee Alfons, juu ya trekta, sepeto la mbele limejaa theluji ya kijivu.

"Binti, nimemwokoa mama yako!" akapaza sauti. "Nimeikomba kando ya barabara kuu. Niimwage wapi?"

Theluji ya barabara kuu ina chumvi, ile wanayonyunyiza ili magari yasiteleze. Ikishuka kwenye mizizi, Aprili hakuna kitakachochipua, wala hakuna wa kulaumiwa: jirani mwema alisaidia. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole tu kwenye tuta la floksi.

"Subiri kidogo," nikamwambia, nikaingia ndani.

Mama alikuwa amekaa dirishani, mguu wenye plasta juu ya kigoda. Sikuvua hata mabuti.

"Mama, tuseme zife zote leo. Utakuja kwangu?"

"Umeanza."

"Nijibu."

"Zikifa nije na nini? Na mguu huu na sufuria mbili?" Akanikazia macho. "Nilipanga Aprili tuzichimbue, tugawe mizizi, tuipande pale chini ya madirisha yenu, pale mbwa wanapokojoa. Ndipo nihame. Zikifa, hapa sitoki ng'o."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Kila ukija ni lifti na maji ya moto, lifti na maji ya moto. Utadhani dalali wa nyumba."

Nilitaka kumfokea. Nilitaka pia kulala pale pale sakafuni. Nikatoka.

"Mzee Alfons, kaimwage mtaroni, ng'ambo ya barabara. Hiyo ina chumvi."

"Ala! Theluji ni theluji, binti. Umri wote huu sijaona theluji iliyoua ua."

"Basi na leo hutaiona."

Alinuna, akaenda kuimwaga. Lakini hakurudi kwake. Aliponiona naburuta sleji ya plastiki, ile ya watoto ya kutelezea kwenye theluji, kuelekea msituni, kwenye bonde lenye kivuli ambako theluji safi ilikuwa imebaki, ngumu juu kama ukoko wa wali, alishuka na shoka lake akaanza kukata matawi ya misonobari.

"Utavunjika kiuno, muwe wagonjwa wawili," akasema.

"Kimeshavunjika. Wewe kata tu."

Tukatandika matawi kwanza ili yaishike theluji upepo usiipeperushe, kisha nikamwaga juu yake, sleji baada ya sleji. Vidole viliacha kuhisi mpini wa koleo. Giza likaingia mapema, kama kawaida ya Januari, nusu ya tuta bado iko wazi, na Mama anagonga kioo kwa gongo lake akinionyesha kona niliyoiruka, kana kwamba sina macho.

Nikasimama pale pale kumpigia simu mwenyekiti wa wakazi wa jengo letu. Nikisubiri kufika nyumbani, nilijua, nitalala na viatu kabla ya kupiga.

"Nakitaka kile kipande cha ardhi chini ya madirisha yetu," nikamwambia.

"Cha nini, Januari hii?"

"Cha mama yangu."

Akasema jambo hilo lazima lipelekwe mkutanoni, watu walipigie kura. Nikamwambia wapige wanavyotaka, mimi Aprili nachimba. Nikakata simu, nikaishika kamba ya sleji, nikarudi bondeni.