Nyayo Kwenye Kioo

Saa tatu asubuhi daktari alichoma sindano nyembamba kwenye ini la mzee Machage wa Susuni, akavuta tone moja, akampa Wegesa wa maabara. Wegesa alilipaka kwenye kipande cha kioo, akalitia rangi ya zambarau, akasubiri likauke. Mlangoni walikaa Rhobi, mke mdogo aliyeolewa mwaka jana, na Nyangwine, mdogo wake mzee, ambaye alishatangaza kijijini kwamba Rhobi ndiye aliyemlisha kaka yake sumu.

Kwenye hadubini seli za ini zilikuwa zimetulia. Katikati yao zilisukumana nyingine, na kila moja ilikuwa na masikio mawili kama ng'ombe, la kushoto limekatwa pembeni. Wegesa akamwita mgonjwa kwa heshima, kama mtu anavyomwita baba yake.

"Tata, wewe ni mfuata nyayo. Njoo unitazamie."

Kwa miaka arobaini Machage alikuwa akifuatilia ng'ombe wa wizi, na hakuna kijiji kilichowahi kumbishia. Akainama, mkono mmoja ubavuni.

"Hawa si wa zizi hili. Alama yao ya sikio ni ya utumbo mpana." Akasogeza kioo taratibu, akifuata kwato. "Wamevukia kwenye damu ili tuwapoteze. Wajanja hawa."

"Walitoka kwao lini?"

"Kingo za nyayo zimebomoka. Miaka mitatu."

Wegesa akaandika.

Machage akageukia mlangoni. Shati lilimpwaya, lakini alisimama kama mtu aliyerudisha kundi zima.

"Nyangwine, umesikia? Miaka mitatu iliyopita huyu alikuwa bado kwao Turwa, hata jina langu halijui."

"Nimesikia, kaka. Wewe hujawahi kukosea."

Kioo kilipelekwa Mwanza kuthibitishwa. Majibu yalifika siku ya tatu ya matanga ya Machage: saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hadi kwenye ini, umri wake miaka mitatu. Nyangwine aliyasoma mbele ya watu wote bila kuruka neno.

"Hata Mwanza wamefuata nyayo za kaka yangu!" alisema, na wazee wakagonga fimbo chini kwa fahari.

Rhobi akamletea chai. Nyangwine alikipokea kikombe, akakiweka chini, akaagiza chai nyingine kwa mke wake.

Rhobi akakiokota. Akainywa yote akiwa amesimama mbele yao, akakipindua kikombe waone, akaenda kukiosha.