Mwito wa Kituo cha Nne

Sogea hapa nikuulize, na usikimbilie kujibu. Nina mdomo na nina sikio, lakini mdomo wangu ukifunguka, sikio langu linaziba. Mimi ni nani?

Usiseme mlevi. Wengi walisema mlevi, na mzee Télesphore wa mtaa wa Kinama akawacheka wote. "Apana! Mulevi ukimuitia kinywaji anasikia hata akiwa Gihosha!" Kitendawili kilikuwa chake. Alikitega hewani Jumamosi moja, vituo vyote saba vya chama cha redio vikimsikia, akasema jibu atalitoa baada ya majuma matatu. Jumamosi ya tatu ilipofika, aliondoka nalo.

Aliyebaki na uzito wa jambo hilo ni Mwanne, mama yake Houda, mjane mwenye duka la vipuri pale mtaa wa Asiatique, katikati ya mji. Marehemu mumewe, Tajudini, alikuwa fundi wa redio. Alipofariki alimwachia duka, deski lililojaa nyaya, na ile redio kubwa ya chama, ambayo unabonyeza unasema, unaachia unasikiliza. Watu walidhani Mwanne ataiuza. Yeye akajifunza kuitumia, akafanya mtihani pamoja na wanaume, akashinda, na chama kikamfanya Kituo cha Kwanza. Kituo cha Kwanza ndicho kinachoita wengine, kinachogawa zamu ya kusema, na kinachoandika daftari.

Kazi ya chama ilikuwa kungoja siku mbaya. Mvua kubwa ikinyesha, umeme unakatika na simu zinakufa, na lazima mtu wa Kinama, kando ya korongo linaloshuka kutoka milimani, aweze kuwaambia watu wa mjini kwamba maji yamefika, ili gari la uokozi litoke. Kwa hiyo kila Jumamosi saa tisa alasiri Mwanne alipiga mwito: Kituo cha Pili, upo? Kituo cha Tatu, upo? Na sheria moja hakuna aliyethubutu kuivunja: mtu haondoki hewani mpaka Kituo cha Kwanza kimwambie, "Nenda salama." Télesphore alikuwa Kituo cha Nne. Alikuwa muuguzi miaka thelathini, na sheria aliishika kama alivyokuwa akishika saa za dawa.

Mara moja kwa mwaka, kabla mvua ya masika haijakolea, walifanya zoezi. Kila kituo kilipewa karatasi yenye habari ya kutunga, nacho kikaisoma hewani kana kwamba mambo yametokea. Wote walisoma kama walivyoandikiwa. Télesphore hakuweza. Mwaka mmoja alitangaza bibi harusi aliyekwama juu ya mti na shela yake. Mwaka mwingine padri aliyevuka mtaro ndani ya sufuria ya pombe. Vituo vyote vilicheka mpaka Armel, mwalimu wa Gihosha, mtaa ulio juu ya korongo hilo, aliyekuwa Kituo cha Pili, akaangusha redio yake. Mwanne alimkaripia Télesphore, lakini naye alicheka sana.

Basi mwaka uliopita zoezi likaangukia Jumamosi ile ya tatu ya kitendawili, na Asiatique kulikuwa na jua. Watu walikuwa barabarani, wanunuzi wanabishana bei, wingu hakuna. Milimani kulikuwa kweusi, lakini nani wa mjini anayetazama milima? Siku hiyo vituo vinne vilipangiwa wimbi jingine la redio. Kwenye wimbi la Mwanne walikuwa watatu tu: yeye, Armel na Télesphore.

Karatasi ya Kituo cha Nne ilisema: maji yameingia nyumba kumi za Kinama, hakuna aliyeumia. Mwanne alikuwa na nakala mbele yake. Alipompa Télesphore zamu, sauti ikaja ikikwaruza:

"Kituo cha Kwanza, hapa cha Nne. Maji imeingia. Imetoka kwa korongo, imefika kwa kitanda. Watoto wa jirani nimewapeleka barabarani. Hapa dirishani mbuzi inaogelea, na kuku imepanda juu ya mugongo yake."

Mwanne akabonyeza kitufe na kicheko kikamtoka kabla ya neno.

"Télesphore, weye! Mwaka huu ni kuku juu ya mbuzi? Na mwaka ujao itakuwa nini, ng'ombe juu ya pikipiki? Soma karatasi, muzee, soma kama wenzako! Ee Mola wangu, huyu mutu ataniua na kicheko!"

Alicheka kidole gumba kikiwa bado kwenye kitufe. Alicheka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Na muda wote huo, unajua wewe mwenyewe sasa, mdomo ulikuwa wazi na sikio limeziba. Télesphore akisema, hasikiki. Hilo ndilo jibu la kitendawili chake: redio yao wenyewe, waliyoishika kila Jumamosi.

Alipoachia kitufe, alisikia maneno matatu. Maneno hayo nayaacha hapo kwanza, kwa sababu yana mwenyewe aliyepaswa kuambiwa kabla yako. Mwanne aliyasikia vizuri sana. Akadhani mzee anaendeleza mzaha. Akamjibu kwa lile neno wanalolitumia hewani kwa kituo kinachovuruga zamu:

"Kituo cha Nne, ngoja."

Naye akangoja.

Zikapita dakika saba. Mwanne alikuwa anachukua habari za zoezi kutoka Gihosha, tena ndefu, maana Armel anasoma taratibu kama anayeandika ubaoni. Katikati ya sentensi Armel akakatika, kisha akarudi akipiga kelele. "Mama Houda, acha zoezi! Acha! Korongo linanguruma hapa chini, limebeba miti! Télesphore alikuwa anasema kweli!"

Mwanne aliita Kituo cha Nne mara tatu. Akaita mara tatu tena. Gari la uokozi lilitoka, lakini nyumba ya Télesphore ilikuwa ya matofali ya udongo, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeshalala. Mkewe, Daphrose, alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Majirani wote walipona kwa sababu mzee alikwenda mlango hadi mlango akiwatoa. Yeye alirudi ndani. Redio yake ilikuwa imefungwa kwa nyaya kwenye betri ya gari na antena ya juu ya bati, haikubebeka. Walimkuta kwenye kiti, mbele yake. Watu walisema: sijui alikuwa anangoja nini huyu mzee.

Jioni hiyo, kwenye daftari la chama, Mwanne aliandika: "Kituo cha Nne. Sauti iliharibika." Mwandiko wake ulikuwa mzuri siku zote. Mstari huo mmoja unasomeka kama umeandikwa na mtoto wa darasa la kwanza.

*

Chama kina desturi yake. Aliyekufa hafutwi kwenye mwito. Jumamosi iliyofuata Mwanne aliita, "Kituo cha Nne, upo?" mara tatu, na baada ya kila mara wote waliachia vitufe wakasikiliza ule uvumi wa hewa usio na mtu. Kisha akasema, "Nenda salama." Wakaendelea na cha Tano.

Daphrose alisikia habari ya desturi hiyo. Jumamosi ya pili akaja dukani, ameshika fungu la lengalenga, ule mchicha wa kwao, limefungwa kwa ugwe. "Nimesikia munamuita mume wangu," akasema. "Nataka kusikia na mi."

Tangu siku hiyo hakukosa. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya deski, kiatu ametoa, mikono mapajani. Kituo cha Nne kilipoitwa aliinamisha kichwa. Mwito ukiisha Mwanne alimimina chai ya tangawizi, wakanywa, wakasema habari za bei za unga na za magoti yao. Walikuwa wanafahamiana kidogo tu zamani. Sasa wakawa kama ndugu. Idi, Daphrose alikuja kula pilau. Noeli, Mwanne alimpelekea kitenge kipya. Mwanne hakuwa amepata rafiki wa namna hiyo tangu Tajudini azikwe.

Na kila Jumamosi, chai ikifika nusu kikombe, Daphrose aliuliza lile lile.

"Mama Houda. Mwisho alisema nini?"

"Ilikuwa makelele tu, dada. Mvua ya mlimani iliharibu sauti."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Daphrose alitikisa kichwa. "Yule mutu, kusema alijua. Hata usingizini alikuwa anasema. Siamini alinyamaza." Halafu alikunywa chai yake mpaka mwisho, na Mwanne alishindwa kumaliza yake.

Armel alijua. Alisikia kila kitu, mzaha na ngoja na yale matatu. Hakumwambia mtu. Siku moja tu, alipokuja dukani kununua fyuzi, alisimama mlangoni akasema, "Mama Houda, mi sitasema. Lakini yule mama anakuja hapa kila juma." Mwanne akamwambia fyuzi yake ni hiyo, achukue aende. Alipokwenda, Mwanne aliketi kwenye kile kigoda cha Daphrose, akakaa mpaka adhana ya magharibi.

Mara ngapi alifungua mdomo! Alifungua siku ya matanga ya miezi mitatu, akafunga. Alifungua siku Daphrose alipougua malaria na kulala nyumbani kwa Mwanne siku nne, akimshika mkono na kumwita dada. Alimwogopa Mungu, lakini kwa Mungu alijua atakavyojibu. Alichokiogopa zaidi ni kigoda kitupu Jumamosi saa tisa.

Mwaka ukazunguka, na zoezi likakaribia tena. Jumamosi moja kabla yake, Daphrose alikuja bila lengalenga. Alikuwa na mfuko wa plastiki, akauweka juu ya deski taratibu kama aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na redio ya Télesphore. Matope yalikuwa yamesafishwa kwa mswaki, hata kwenye matundu madogo ya kipaza sauti.

"Fundi mumoja wa Kinama ameitengeneza," Daphrose akasema. "Inasema. Mama Houda, Kituo cha Nne hakina mutu."

"Kina wewe unayekisikiliza, dada."

"Kusikiliza nimechoka. Kinama korongo iko pale pale na mvua inarudi. Nani atasema maji imefika? Nimejifunza kwa Armel miezi miwili, sikukuambia. Nataka nikae kwa kiti yake." Akacheka kidogo, aibu kidogo. "Na vitendawili sijui. Lakini kusoma karatasi najua."

Mwanne alifungua droo ya deski. Akasema ni vizuri, Mungu ampe nguvu, akatoa karatasi ya zoezi ya Kituo cha Nne akampa, ili afanye kitu na mikono. Daphrose aliishika mbali na macho akaisoma midomo ikicheza, neno kwa neno. Kisha akaiweka chini.

"Nikuulize. Kama niko nasoma hii uongo, na maji ya kweli ikaingia, nitasema namna gani ili uniamini?"

"Unaacha karatasi. Unasema 'kweli' mara tatu. Kweli, kweli, kweli. Ukisema hivyo, zoezi linakufa papo hapo, na kila mutu ananyamaza akusikilize wewe."

"Ni sheria?"

"Ni sheria."

"Télesphore aliniambia sheria zote za chama. Alizisema mezani kama katekisimu. Hii hakuisema."

 Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa mabati, bati zikigongana, mpaka sauti ikapotea mwisho wa barabara.

"Haikuwepo," Mwanne akasema.

"Muliiweka lini?"

"Baada ya yeye."

"Nani aliomba iwekwe?"

"Mimi."

Daphrose hakupandisha sauti. Alivaa viatu vyake, kwanza cha kushoto, halafu cha kulia, lakini hakuinuka. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika mbili kufika saa tisa. Kwenye redio kubwa vituo vilikuwa vimeanza kujongea, mmoja akikohoa, mwingine akijaribu kitufe, wote wakingoja waitwe.

"Mama Houda," Daphrose akasema. "Nitakuuliza mara ya mwisho, kisha sitauliza tena mpaka tuzikwe. Mwisho alisema nini?"

Mwanne alinyoosha mkono akazima redio kubwa. Tangu Tajudini afariki, haikuwahi kuzimwa Jumamosi saa hiyo. Akageuza kiti chake, wakatazamana magoti kwa magoti.

"Alisema maji yamefika kitandani. Alisema kuku amepanda juu ya mbuzi. Mimi nikacheka, dada. Nilicheka sana, nikamwambia asome karatasi kama wenzake. Nilipoachia kitufe alikuwa bado yuko. Hapakuwa na makelele. Sauti yake ilikuwa safi kama yako hivi. Mi nilimwambia angoje, na yeye aliningoja."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mwanne, mi sisomi.'"