Lenzi Tatu, Mkoba Mmoja

Jephté, kiongozi wa kwaya yetu ya Naviundu, alitangaza sheria Jumapili baada ya misa: kila mwimbaji mkoba mmoja, na mkoba huo ukae juu ya magoti. Buti la basi lilikuwa limeshachukuliwa na ngoma tatu, kinanda na sufuria za akina mama.

"Mwenye mukoba wa pili atauimbia mpakani Kasumbalesa," alisema, "juu njo pale tutamuacha."

Tulikuwa tunakwenda Livingstone, Zambia, siku nne, kutazama maporomoko ya maji. Hakuna mashindano, hakuna misa ya kualikwa. Matembezi tu. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza kuvuka mpaka. Napiga picha za harusi hapa Lubumbashi na nina lenzi tatu. Mkoba wangu, zikishaingia kamera, nguo na taulo, una nafasi ya lenzi mbili. Si mbili na nusu. Nilijaribu.

Ya kwanza ni lenzi pana, inayomeza ukumbi mzima pamoja na shangazi aliyechelewa. Ya pili ni lenzi ndefu, nzito kama mchi, inayoweza kufuata chozi la bibi harusi kutoka mlango wa kanisa. Ya tatu ni ya milimita hamsini: fupi, nyepesi, haivuti wala haisukumi. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, unasogea. Ukitaka kiwe kidogo, unarudi nyuma mpaka ukalie keki. Niliinunua nikiwa mwanafunzi, na kwa miaka mitatu ilikuwa imelala ndani ya soksi.

Kuchagua kungekuwa rahisi kama ningeishi peke yangu. Lakini naishi na kambo zangu wawili, babu na bibi, na nyumbani kwetu hakuna uamuzi wa mtu mmoja.

Kambo Alphonse alikuwa dereva wa treni. Miaka ishirini na sita aliendesha mabehewa ya shaba hadi Sakania, mpakani, na pale alishuka, akamkabidhi Mzambia treni, akarudi. Hakuvuka hata siku moja. Na kila Mzambia aliyepanda alimtambia daraja la chuma lililo karibu na maporomoko: refu hivi, juu hivi, limefungwa kwa riveti, pini za chuma zenye vichwa vikubwa kama mikate.

"Mikate!" Kambo alisema jioni ile, akiipima ile tuliyokuwa tunakula, ya duara, ya kukaangwa. "Miye muntu wa reli. Hakuna riveti kama mukate. Muke wangu, beba ile objectif ndefu, uniletee riveti nione uongo wa bale bantu na macho yangu."

Muke wangu ni mimi, Exaucée. Huku kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na bibi yake anamwita mbanda, mke mwenza. Utani huo hauna likizo.

"Riveti!" Kambo Laurentine alidakia kutoka jikoni. "Picha bila muntu iko kalandari. Mbanda, beba ile pana. Simama mbele ya maji, kichwa iwe na miguu iwe. Ukikata miguu, usirudi hapa."

Hilo la miguu si mzaha. Mteja wa Lubumbashi amenunua viatu kwa ajili ya harusi, na picha isiyo na viatu huirudisha. Nimeshawahi kurudishiwa albamu nzima.

Lakini ombi la Kambo Alphonse ndilo lililonikaa rohoni. Alikuwa ameshapigilia msumari ukutani, kati ya picha ya ndoa yao na ya ubatizo wangu. Msumari mtupu. Mzee alikuwa akiwaonyesha wageni: hapa itakaa daraja. Nikirudi na ukungu wa kijivu, msumari ule ungenitazama kila asubuhi nikinywa chai.

Na kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Mimi naogopa urefu wa kwenda chini. Hata ngazi ya kuchuma parachichi siipandi. Nilipanga kusimama mbali, mahali salama, na kulivuta daraja kwa lenzi ndefu.

Basi nikaamua: pana na ndefu. Asubuhi ya safari niliziweka juu ya kitanda, vifuniko vimefungwa, nikaenda kuoga. Ya hamsini ilibaki kwenye soksi yake.

Sasa, lazima mumjue Kambo Laurentine. Ni mtoto wa Lukafu, na huko mayai husafiri yakiwa yamezikwa ndani ya unga. Tangu ujana wake ameleta mayai mjini kwa njia hiyo, juu ya malori, juu ya mashimo, na hakuna hata moja lililopasuka. Mji mzima unaweza kupasuka. Yai la Laurentine litafika.

Nilirudi chumbani nikakuta kitanda kitupu.

"Kambo! Lenzi zangu ziko wapi?"

"Usiogope," alisema, akifunga kwa kamba mfuko wa unga wa muhogo wa Lukafu aliokuwa akimpelekea shangazi yangu Huguette, anayeishi Livingstone na anayeapa kwamba unga wa kule hauna ladha. "Barabara iko na mashimo. Nimezilaza muzuri."

"Umezilaza wapi?"

Aliupiga mfuko kofi la upendo. Kiwingu cheupe kikapanda.

"Bila plastiki?"

"Yai linavaa plastiki?"

Nilizamisha mikono hadi viwiko. Lenzi ndefu ilitoka nyeupe kama mchawi. Alikuwa amevitoa vifuniko ili unga uingie na kuikamata vizuri, na alikuwa ameivuta shingo yote ili ilale imenyooka. Nilipojaribu kuirudisha, ilisaga. Krrr. Ile pana haikuzunguka kabisa.

Kambo Alphonse alikuja, akatazama, akaketi taratibu. Nilidhani amehuzunika. Kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kuchekea.

"Laurentine," alisema akifuta machozi, "umepika objectif."

"Nyamaza, weye! Mayai yangu yalifika yote!" Kisha akanigeukia, na sauti yake ikashuka. "Mbanda... haziwezi kupulizwa?"

Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa na unga kwenye nyusi. Nje, honi ya basi ililia mara tatu na sauti ya Jephté ikafuata, ikianza kuhesabu. Niliichomoa soksi kutoka droo ya chini, nikaitupa ndani ya mkoba. Mfuko wa unga nao nikapakatishwa; Jephté aliuhesabu kama chakula, si mkoba.

Huguette alitupokea na unga wake akaubusu. Kesho yake nilisimama mahali pa kutazamia, pamoja na Léa, rafiki yangu wa sauti ya kwanza, nikainua kamera. Maji yalikuwa makubwa kuliko maneno yangu, na mimi si maskini wa maneno. Daraja, kwa lenzi ya hamsini, lilikuwa kama chanuo lililosahauliwa kwenye nywele za mlima.

"Si unaenda karibu?" Léa aliuliza, mdomo umejaa mikate ya Huguette. "Bantu banapita kule. Ona."

"Miguu inakataa."

"Basi mwambie Kambo wako miguu ilikataa."

Nikafikiria msumari. Nikaenda.

Sitasema nilitembea, nilijisukuma, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye kanga ya Léa. Chini sikutazama. Nilipofika katikati nilipiga magoti, na hapo zilikuwepo: riveti, safu juu ya safu, mbele ya pua yangu. Niliweka kiganja juu ya moja. Baridi, yenye rangi nene.

"Léa, leta mukate."

"Iko ya mwisho."

"Leta!"

Niliuweka mkate juu ya chuma, kando ya kichwa cha riveti. Ulikuwa mdogo, wa unga wa mwisho uliobaki bakulini, na vilitoshana. Kisha nikakumbuka mamlaka ya pili ya nyumbani kwetu, nikasogeza mguu wangu ndani ya picha. Kwenye mshono wa kiatu kulikuwa na mstari mweupe wa unga wa Lukafu.

Nilipiga, nikaihamishia picha kwenye simu na kuituma kabla magoti hayajabadili mawazo. Sauti ya Kambo Alphonse ilirudi baada ya dakika kumi.

"Nimehesabu. Iko kumi na nne. Ya nne imepigwa mubaya kidogo, lakini inashika. Bale bantu balisema kweli, muke wangu. Miaka yote ile."

Nyuma yake bibi alipiga kelele: "Kiatu nimeona! Kichwa iko wapi?"

Leo picha iko kwenye msumari. Mgeni akiingia, Kambo Alphonse humwonyesha riveti ya nne. Kambo Laurentine husubiri amalize, kisha huinua kidevu.

"Objectif ya ile picha," husema, "nilichagua miye."