Kuku Wapole wa Mama Mkwe

Mama mkwe akitangaza safari, nyumba nyingine hupigwa deki na mashuka mapya hutolewa sandukuni. Mwalimu alianza na kuku, kwa sababu kuku ndio waliokuwa wakifuatwa.

Habari ilikuja kwa simu. Ugonjwa ulikuwa umepita kwenye banda la mama mkwe na kuku wote wamekwisha, hajabaki hata wa dawa. Lakini bibi hakukata tamaa, maana mbegu alijua iko wapi. Siku ya harusi ya binti yake aliwapa maharusi majike kadhaa na jogoo wa ukoo ule ule: wanene, wazito, wapole kupita kiasi. Ukiwaita waja, ukiwashika watulia, ukiwabeba kwapani wasinzia. Bibi aliwarithi kwa mama yake, naye mama yake aliwarithi kwa mama yake.

"Nikija nipe jike mmoja na jogoo nianze upya," alisema. "Nakutegemea wewe, mwanangu."

Mwalimu aliitikia vizuri, akaweka simu mfukoni, akatoka uani kuwatazama kuku wake. Uani hapakuwa na kuku. Walikuwa juu ya paa.

Sasa, tusimwonee. Kuku walikuwepo, tena wengi, na wote walitoka kwa majike wale wale wa harusi. Ila walikuwa na miguu mirefu, vifua vyembamba, na macho ya mwizi aliyesikia mlango ukilia. Jogoo wao mkubwa, ambaye watoto walimwita Risasi, alikuwa akiruka ukuta wa jirani bila hata kuugusa.

Ilikuwaje? Kila Jumapili kazi ya kukamata kuku wa mboga ilikuwa ya Mwalimu, na Mwalimu, Mungu amjalie afya, ni mtu wa tumbo na mbio hapendi. Alikuwa na njia yake. Aliweka kigoda katikati ya ua, akakaa, akashika konzi ya nafaka na kunyamaza. Kuku wa kwanza kumsogelea ndiye aliyekwenda chunguni. "Aliyejileta mwenyewe hana lawama na mtu," alikuwa akisema. Mwaka hadi mwaka kuku wakawa wanachelewa kuja, naye akalaumu nafaka. Walipoacha kabisa kuja, akalaumu uzee.

Na huyu ndiye mwalimu wa baiolojia, ambaye wanafunzi wake walimpa jina la Kisukuku kwa jinsi anavyopenda kusimulia mifupa ya kale! Kila mwaka huchora ubaoni chui na swala, akawaeleza watoto wa watu kwamba swala wazito huliwa, wepesi hubaki wakazaa, na vizazi vikipita kundi zima huwa jepesi. Ama kweli, mganga hajigangi.

Asubuhi ya ugeni alijaribu kila kitu. Alitega kapu kwa kijiti, wakala nafaka na kapu likamwangukia mkono. Alijaribu kuwanyatia, akarudi na unyoya mmoja na goti limechubuka. Mkewe alikuwa ameegemea mlango wa jiko akicheka hadi machozi.

"Mwambie Mama ukweli," alisema mkewe.

"Ukweli gani? Kwamba mali ya mama yake nimeila yote na mchuzi?"

Aliona haya kwa kweli. Mama mkwe hakuwahi kumwomba kitu tangu amwoe binti yake, na hiki kimoja alichokiomba ndicho hana.

Bibi alifika na kapu jipya la kubebea kuku. Hakutaka hata maji. Alikwenda moja kwa moja uani, akainama, akawaita kwa mlio wa zamani, wa kubofya ulimi. Risasi alimtazama mara moja tu, akapaa hadi kwa jirani, na majike wakamfuata. Bibi alibaki ameinama. Alipoinuka machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Hawa si kuku wangu."

"Ndio wenyewe, Mama," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Wajukuu wa wajukuu wao."

Bibi akafikiri. Alikuwa mtu mwema, akamtafutia mkwewe sababu. "Basi kosa ni la wajukuu zangu, watoto wenu. Watoto wamewafukuza mno, kuku wakajizoesha mbio, na vifaranga wakarithi hayo mazoea. Si ndiyo?"

Mkewe alimkonyeza kwa macho yote mawili. Ilikuwa imebaki kusema "Ndiyo, Mama", na mambo yamekwisha. Lakini Mwalimu hajawahi kuliacha kosa la mtu lipite, hata la kumwokoa.

"Hapana, Mama. Mazoea hayarithiwi hivyo. Seremala akiota sugu mkononi, mtoto wake hazaliwi na sugu. Vifaranga tangu wanatotolewa hawalingani: huyu ana woga kidogo, yule hana. Asiye na woga akiliwa mapema, haachi watoto. Mwoga anabaki, anataga, na watoto wake wanamfuata yeye kwa woga. Hakuna kuku aliyebadilika. Kundi ndilo lililobadilika."

Alieleza vizuri sana. Angekuwa darasani wangempigia makofi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka kumtazama binti yake.

"Kumbe. Ndiyo maana mabinti zangu wapole waliposwa wote mapema, akabaki huyu."

"Mama!"

"Nauliza tu, mwanangu," bibi alimrudia mkwewe. "Hao wasio na woga, nani alikuwa akiwala?"

Mwalimu alilitazama tumbo lake, na wengine nao wakalitazama.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Ni mimi."

Bibi hakugomba. Alinyoosha kidole kwenye ukuta, ambako jike mmoja wa kijivu alikuwa amesimama akiwachungulia wakati wenzake wameshatokomea. "Yule anakimbia kwa adabu. Tukimwacha huyo atage, na katika watoto wake tukawaacha wenye adabu zaidi, hawawezi kurudi kuwa wale wangu?"

"Wanaweza kuwakaribia," Mwalimu alisema, na uso ukamnawiri, kwani swali lilikuwa zuri. Nyuma ya bibi, mkewe alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu, akimsihi aishie hapo. Hakumwona. "Ila si kazi ya leo na kesho, Mama. Ni vizazi na vizazi. Na anayechagua lazima awepo kila siku, awe na jicho, na asiwe na haraka."

"Haraka sina," alisema bibi, akafungua kilemba. "Nyumbani hata kuku wa kuniamsha hayupo. Chumba changu ni kipi?"

Mkewe alishika kichwa.

"Na kuanzia leo chungu ni cha wenye mbio," bibi aliongeza, akikikalia kile kigoda. "Anza na yule jogoo."

Mwalimu akavua viatu.