Jicho la Kushoto la Fundi Anuari

Ukimtaka mtu mbishi Kariakoo nzima, usihangaike kuzunguka. Nenda barazani kwa Kantilal muuza vitambaa, utamkuta fundi Anuari nyuma ya cherehani yake. Kanzu zake watu wanazifuata kutoka Kigamboni. Lakini ubishi huo! Mkewe, Moza, mkaanga samaki wa soko la Feri, ameishi nao tangu ujana na wala haujamshinda.

Safari hii waligombana kwa sababu ya kadi ya bima ya afya. Wazee walikuwa wameingizwa kwenye bima ya umma, na sasa ikaongezwa kwamba mzee apimwe hata kabla hajaumwa: presha, sukari, macho. Moza alikwenda mapema, akarudi anang'aa. Anuari kadi yake aliifungia kwenye kabati la vioo, pamoja na vyombo vya wageni.

"Nikienda mzima, nikija kuumwa kweli wataniambia nilishaitumia," alisema.

"Kwani hiyo ni vocha ya simu, ukishaikwangua basi?" Moza alimuuliza. Alikuwa amempitia barazani na chakula cha mchana.

Kantilal akaona aungane na rafiki yake. "Shemeji, cherehani ikishona vizuri huifungui. Ukifungua, unatafuta ubovu."

"Umesikia?" Anuari akadakia. Akachukua sindano nyembamba kuliko zote, akafumba jicho la kushoto kama afanyavyo kila siku, akatunga uzi mara moja. "Macho haya ndiyo yapimwe?"

Baraza zima lilicheka, ila Moza hakucheka. Alikuwa amemwona mumewe akiangusha vikombe vya chai, na kila kimoja kilikuwa kimewekwa upande wa kushoto. Na kule kituo cha afya alikopimwa, muuguzi alikuwa amemziba macho yake Moza, moja baada ya jingine.

"Sawa, baba Salma. Sasa fumba la kulia, utunge tena."

Anuari akacheka, akafumba la kulia.

Sindano haikuwepo. Mkono haukuwepo. Mbele yake palikuwa na moshi mtupu, na kwenye moshi huo Kantilal alikuwa bado anacheka. Anuari aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Miaka yote alikuwa akilifumba jicho hilo kazini, na lilipokuwa linakufa yeye hakuwa na habari.

"Mama Salma," alisema taratibu, "nifuatie kadi."

Kule kituoni muuguzi aliitwa Victoria. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu."

Alimpima kwa upole, akamwita daktari, daktari naye akapima. Ni presha ya macho, wakamwambia. Jicho la kushoto limekwenda, halirudi. La kulia limeanza kuguswa, lakini bado linaona. Akitia dawa ya matone kila siku bila kuacha, ataendelea kushona.

"Mbona sikuumwa hata kidogo?"

"Haiumi, babu," Victoria alisema. "Ungesubiri uumwe, ungeamka siku moja huoni."

Anuari akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, "Na kadi? Imeisha?"

"Haiishi, babu. Unatakiwa urudi."

Nje kwenye ngazi alisimama, akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Moza akapotea. Ikabaki sauti yake ikimuuliza ana nini, na harufu ya samaki kwenye khanga yake. Akaondoa kiganja, na Moza akarudi mzima, na jasho lake na kipini chake. Machozi yalimtoka Anuari mbele za watu na hakuyafuta. Mwanamke huyu alikuwa amelipigania jicho lake, na yeye mwenyewe alikuwa akipigania kushinda ubishi wa barazani.

"Mama Salma."

"Abee."

"Leo umenishinda."

"Leo tu?"

Akamshika mkono, akaanza kuteremka ngazi kwa haraka. "Tufanye hima, Kantilal hajafunga duka. Yule naye kadi yake iko kabatini."