Kesi ya Mgeni wa Tisa

Mgeni wa tisa mwezi huo aliitwa Nzisa, na alikamatwa dakika ya nne.

Nilikuwa nampokea langoni mwa Makutano, mji wetu wa kwenye kompyuta. Ni mchezo. Tuko watu kama arobaini, wengi wa Eastlands, Nairobi, na kila mmoja anaigiza mtu fulani: kuna daktari, kuna kondakta, kuna mwizi wa kuku anayeheshimika sana. Unavaa hedifoni, unaongea kama mtu huyo, na ukishaingia mjini huruhusiwi kuacha kuigiza. Mimi ni wakili. Katika maisha ya kweli ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno Buruburu, kwa hivyo wenzangu wakanibebesha na kazi ya kupokea wageni. Walisema nimezoea watu wenye hofu.

"Karibu, dada," nilimwambia Nzisa Jumamosi hiyo mchana. "Chagua jina na kazi."

"Jina langu mwenyewe haliwezi?"

"Linaweza."

"Basi Nzisa. Na mimi ni msusi, hata huku nitasuka. Nimekuja kupumzisha akili tu."

Nikaenda kumchukulia ufunguo wa nyumba ya wageni. Niliporudi alikuwa na pingu mikononi.

"Amekosa nini?" niliuliza.

"Kutembea bila kitambulisho," akajibu Inspekta. "Kanuni ya sita, sehemu ya nne."

Huyo Inspekta ni Mureithi, fundi wa kuchomelea milango huko Kariobangi. Ndiye aliyeanzisha Makutano miaka minne iliyopita, ndiye aliyeandika kanuni zake, kurasa ishirini na nane, na nadhani ndiye peke yake aliyewahi kuzisoma zote. Kila wiki analalamika kwenye kundi letu kwamba mji umepoa, watu hawaji, sijui Kageha, yaani mimi, anafanya nini. Nikimletea mtu, anamfunga. Wa kwanza mwezi huo alifungwa kwa kuvuka barabara mahali pasipo na kivuko. Wa tano, kwa kumwita daktari "manze" kama rafiki wa mtaani. Na kufungwa kwetu ni dakika ishirini za kutazama ukuta wa kijivu. Nani atakaa? Wote wanane walizima kompyuta wakaenda zao.

Nikavua hedifoni nikampigia Mureithi simu.

"Kitambulisho kinatolewa wapi?"

"Kwa chifu."

"Na mgeni anafikaje kwa chifu bila kutembea?"

Nyuma yake nilisikia mtu akigonga chuma.

"Kageha, sheria ni sheria. Tukilegeza kidogo, mji utaharibika."

"Sijakuambia ulegeze. Nimekuambia ufikirie."

"Basi andika ombi la mabadiliko. Kuna fomu."

Fomu! Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo ningelijutia. Nikarudi mchezoni nikijua nitakuta selo tupu, kama kawaida. Lakini Nzisa alikuwepo, amekaa na mwizi wa kuku, anamuuliza ni lini mara ya mwisho alitia nywele mafuta.

"Ukitaka kuondoka sitakulaumu," nikamwambia.

"Niondoke kwa nini? Mimi nimeonewa. Kwani wewe si wakili?"

Mwaka mzima nilikuwa wakili na sikuwa nimewahi kupata kesi, maana hakuna aliyethubutu kumshtaki mtu. Nikapika chai, nikakaa chini na zile kurasa ishirini na nane, nikazisoma zote huku nikiguna. Ukurasa wa ishirini na tatu, Mureithi mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mkazi yeyote anaweza kumshtaki afisa yeyote mbele ya baraza la wakazi, na uamuzi wa baraza ni wa mwisho.

Kesi yetu dhidi ya Inspekta ilisikizwa Jumapili baada ya kanisa. Walikuja watu thelathini, idadi ambayo hatukuwa tumeiona tangu Krismasi. Daktari wetu, Rispa, alikaa kitini kama hakimu. Mureithi alikuja na sare kamili.

"Mweleze hakimu," nikamwambia Nzisa, "uliambiwa nini kabla ya kukamatwa."

"Niliambiwa karibu. Kabla sijasema asante, nikatiwa pingu."

Watu wakacheka mpaka Rispa akagonga meza. Nilikuwa nimejiandaa kumbana Inspekta kwa maswali kumi na moja, lakini Nzisa akaomba amuulize moja tu.

"Inspekta, wewe siku yako ya kwanza hapa, nani alikupokea?"

Inspekta akavua kofia yake ya sare.

"Hakuna," akasema. "Sikuwa na mtu. Miezi miwili nilizunguka huu mji peke yangu, nikitoka kazini, nikijenga hizi nyumba. Nilikuwa naongea na kuta."

Hiyo haikuwa sauti ya Inspekta. Ilikuwa ya Mureithi, fundi wa milango, na alikuwa ameacha kuigiza mbele ya mji mzima. Hakuna aliyemtajia kanuni. Nilimwonea huruma, na nikakasirika kwamba namwonea huruma.

Rispa alimpata na hatia. Adhabu: mwezi mmoja langoni, kupokea wageni badala yangu. Nzisa akaongeza ombi, kwamba wale wanane waliokimbia waandikiwe barua, na aandike yeye mwenyewe aliyewafunga. Baraza likakubali.

Jumatatu jioni nilikuwa nimeweka miguu juu ya kochi simu ikalia.

"Kageha, huyu mgeni nimemweleza mara tatu jinsi ya kufungua mlango. Mara tatu! Haelewi!"

"Mweleze mara ya nne."

"Wewe ulikuwa unawezaje?"

"Nilikuwa siwezi, Mureithi. Ndiyo maana nilikupigia simu."

Akashusha pumzi. Nikamsikia akirudi kwa mgeni: haya, ndugu yangu, tuanze upya, mlango uko mbele yako.

Barua zote nane aliziandika. Wawili walirudi, na mmoja wao sasa anafanya kazi katika saluni ya Nzisa pale sokoni Makutano. Watano hawakujibu. Wa mwisho alijibu kwa tusi zito, na Mureithi akanitumia hilo tusi akitaka tukae tulijadili, kwa sababu mtu akitukana akiwa nje ya mji yeye hajui tusi linaangukia kanuni gani. Nikazima simu nikaoga.